Kinga ya mbu kama silaha: Wolbachia, Microsporidia MB au mbu waliobadilishwa vinasaba?

Mbu hana kingamwili. Hachanjiki, wala mwili wake hauhifadhi kumbukumbu ya ugonjwa kama mwili wa mtoto aliyekwisha kuugua surua. Hata hivyo, vimelea vya malaria ambavyo Anopheles jike huvifyonza pamoja na damu ya mgonjwa hufa kwa wingi tumboni mwake kabla ya kufika kwenye tezi za mate, na sehemu ya mauaji hayo hufanywa na kinga yake mwenyewe. Kutokana na jambo hilo zimezaliwa mbinu ambazo hazikusudii kummaliza mbu. Mbu ataendelea kuishi, pengine hata ataendelea kuuma, ila atashindwa kumbeba mgeni aliyemo katika damu.

Ulinganisho huu unamlenga mtu anayetakiwa kutoa kauli: ofisa wa afya wa halmashauri anayeandaa mpango, mtafiti kijana anayetafuta uwanja wa kufanyia kazi, au mkazi ambaye ipo siku atagongewa mlango aombwe ridhaa ya mbu kuachiliwa mtaani kwake. Zinazolinganishwa ni njia tatu, yaani bakteria aitwaye Wolbachia, viumbe wa asili wanaoishi ndani ya Anopheles kama vile Microsporidia MB, na mbu waliobadilishwa vinasaba katika maabara. Chandarua chenye dawa nitakitumia kama mizani, kwa sababu mbinu isiyoweza kupimwa dhidi yake haina haki ya kuomba fedha za umma.

Anayekuuma ni nani

Kabla ya kuuliza mbinu ipi ina nguvu, sharti kwanza ijulikane ni mbu yupi anayeleta ugonjwa mahali husika. Kosa la kuwaweka mbu wote kapu moja ni la kawaida hata katika mikutano ya wataalamu. Aedes aegypti huuma mchana, huishi mjini, hutaga katika ndoo, matairi na mapipa, na hueneza dengi, chikungunya, Zika na homa ya manjano. Anopheles huuma usiku na ndiye mwenye malaria. Culex, yule wa mitaroni na kwenye mashimo ya vyoo, ndiye aliyezoea kueneza matende na mabusha katika miji ya pwani yetu.

Pwani na bara la Afrika Mashariki lina historia ndefu na magonjwa ya Aedes, ingawa malaria imeyafunika machoni pa watu. Chikungunya ilitambuliwa katika mlipuko wa miaka ya 1952 na 1953 kwenye uwanda wa Wamakonde, kusini mwa Tanganyika, na jina lake ni la Kimakonde, likieleza jinsi mgonjwa anavyojikunja kwa maumivu ya viungo. Virusi vya Zika vilipatikana mwaka 1947 katika msitu wa Zika karibu na Entebbe. Daktari James Christie, aliyekuwa Unguja wakati wa mlipuko wa mwaka 1870, aliandika habari za kidinga pepo, ugonjwa ambao wenyeji walikumbuka kwamba ulikwisha kupita mwaka 1823. Kamusi zetu bado zinaiita dengi kidingapopo, japokuwa wako wataalamu wanaoamini kwamba ugonjwa aliouona Christie ulikuwa chikungunya. Dar es Salaam ilipata mlipuko mkubwa wa dengi mwaka 2014, na mwingine mwaka 2019.

Naanza na tofauti hiyo kwa sababu inafuta nusu ya mjadala. Wolbachia imethibitika kwa Aedes, Microsporidia MB ni ya Anopheles, na mbu wa kubadilishwa vinasaba wanaozungumzwa sana Afrika ni Anopheles pia. Halmashauri yenye malaria peke yake ikiletewa pendekezo la Wolbachia leo, imeletewa dawa ya ugonjwa isiokuwa nao.

Kinga ya mdudu inavyopigana

Kuelewa kwa nini mbinu hizi zinatofautiana kwa uimara kunahitaji kuingia kidogo ndani ya mbu. Mwaka 1996 maabara ya Jules Hoffmann mjini Strasbourg ilionyesha kwamba nzi wa matunda asiye na jeni ya Toll inayofanya kazi hufunikwa na kuvu na kufa, na kazi hiyo ilimpatia Hoffmann sehemu ya Tuzo ya Nobeli ya mwaka 2011. Njia ya Toll, pamoja na nyingine iitwayo Imd, huamuru mwili wa mdudu utengeneze vipande vidogo vya protini vinavyotoboa vijidudu. Mbu anazo zote mbili.

Dhidi ya malaria, mhusika mkuu ni protini iitwayo TEP1, ambayo ni jamaa wa mbali wa protini zinazosaidia kinga ya binadamu katika damu. Kimelea cha malaria kikishapenya ukuta wa utumbo wa mbu, TEP1 hukinasa na kukitia alama, kisha kimelea huyeyushwa au hufunikwa kwa tabaka jeusi la melanini. Mwaka 2004 ilionyeshwa kwamba ukimnyima Anopheles gambiae, mbu mkuu wa malaria barani Afrika, protini hiyo, idadi ya vimelea vinavyokua tumboni mwake huongezeka mara kadhaa. Dhidi ya virusi mbu hutumia silaha nyingine, nayo ni kuikatakata RNA, yaani molekuli inayobeba maagizo ya kirithi ya virusi, vipande vipande. Silaha hiyo ilichunguzwa katika Anopheles kwa kutumia virusi vya o'nyong-nyong, homa inayoenezwa na Anopheles, vilivyotikisa Uganda mwaka 1959 na kuenea hadi Kenya na Tanganyika.

Kutokana na hayo mtu angeweza kudhani kwamba inatosha kuiongezea nguvu TEP1 na malaria ikaisha. Hapa ndipo kimelea kinapoonyesha ujanja wake. Mwaka 2013 kundi la Carolina Barillas-Mury huko Marekani lilieleza jeni ya Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria kilicho hatari kuliko vingine, iitwayo Pfs47, ambayo hukifanya kimelea kisionekane na kinga ya mbu. Kimelea cha Afrika kimeishi na mbu wa Afrika kwa muda mrefu kiasi cha kujua kupita bila kugongana na mlinzi. Kwa hiyo mbinu yoyote inayotegemea mlinzi mmoja tu wa asili ni dhaifu tangu siku ya kwanza, na hicho ndicho kigezo changu cha kwanza katika ulinganisho huu: je, mbinu inampiga adui kwa njia ngapi?

Kigezo cha pili ni muda. Kimelea cha malaria huhitaji takriban siku 10 hadi 14 ndani ya mbu kabla ya kuwa tayari kuambukiza, na majike wengi wa mwituni hufa kabla ya siku hizo kutimia. Si lazima basi kukiua kimelea, kwani kukichelewesha siku chache kunaweza kutosha, maana mwenyeji wake atatangulia kufa.

Wolbachia: yenye ushahidi wa wagonjwa, ila ina mipaka yake

Wolbachia ni bakteria anayeishi ndani ya seli za wadudu wengi, na alionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1924 ndani ya Culex. Aedes aegypti kwa kawaida hanaye. Watafiti wa Australia wakiongozwa na Scott O'Neill walimtoa bakteria huyo kwa nzi wa matunda na kumpandikiza katika mayai ya Aedes, kisha mwaka 2011 wakawaachilia mbu hao katika vitongoji viwili karibu na Cairns, Queensland.

Nguvu zake ni mbili na zinafanya kazi kwa pamoja. Ya kwanza ni ya uzazi: dume mwenye Wolbachia akipanda jike asiye nayo, mayai hayaanguliwi, lakini jike mwenye Wolbachia huzaa salama na dume yeyote na kuwarithisha watoto wake. Hesabu hiyo humpendelea jike mwenye bakteria, hivyo kiwango kikishapita kizingiti fulani mtaani, bakteria huendelea kujieneza bila kusukumwa. Ya pili ni kuzuia virusi. Katika Aedes, ambaye bakteria huyu ni mgeni kwake, kinga huamshwa, njia ya Toll ikiwemo. Wakati huohuo bakteria hushindana na virusi kugombea mafuta na kolesteroli ndani ya seli. Katika nzi wa matunda, mwenyeji wake wa asili, virusi huzuiwa hata pasipo kinga kuamka kwa namna hiyo, jambo linaloonyesha kwamba kinga si mlango pekee. Kwa kigezo changu cha kwanza, Wolbachia inapata alama nzuri.

Ushahidi wake ndio ulio bora kuliko wote katika kundi hili. Jijini Yogyakarta, Indonesia, eneo liligawanywa katika sehemu 24, nusu zikapewa mbu wenye Wolbachia na nusu zikaachwa kama zilivyo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha dengi imepungua kwa asilimia 77 na kulazwa hospitalini kwa sababu ya dengi kwa asilimia 86. Huko Niterói, Brazili, dengi ilipungua kwa asilimia 69, chikungunya kwa 56 na Zika kwa 37. Tarakimu za Niterói hunivutia kuliko zile za Yogyakarta kwa sababu zinaonyesha kitu ambacho matangazo hukiruka, yaani kwamba bakteria mmoja havizuii virusi vyote kwa kiwango kimoja. Katika maabara imeonekana hata kinyume chake: Wolbachia ya aina fulani ikiwekwa ndani ya Culex tarsalis, virusi vya West Nile viliongezeka.

Kasoro zake za matumizi ni za kawaida zaidi. Aina iitwayo wMel hupungua nguvu kwenye joto kali, na wimbi la joto la mwaka 2018 liliipunguza huko Cairns kabla haijarejea, ilhali aina ya wAlbB huvumilia joto vizuri zaidi. Uenezi wake ni wa polepole, kiasi cha mita 100 hadi 200 kwa mwaka kule Cairns, hivyo mji mkubwa sharti uachiliwe mbu mtaa kwa mtaa. Isitoshe, kwa wiki kadhaa wakazi huombwa wavumilie mbu zaidi ya wale waliokuwa nao, majike wakiwemo, na majike huuma. Mhamasishaji atakayeficha hilo atalijutia.

Singapore ilichukua njia nyingine: huachilia madume peke yake wenye wAlbB, mayai ya majike wa mtaani yakaharibika, na idadi ya mbu ikashuka. Hapo hakuna anayeumwa na mbu wa mradi, lakini kiwanda hakina likizo, kwani madume wakiacha kuletwa mbu wa kawaida hurudi. Ni mbinu ya mji tajiri wenye mipaka midogo. Mji wetu wa wastani ungeiweza kwa mwaka mmoja na kuishindwa wa pili.

Viumbe wa asili wa Anopheles

Microsporidia MB ilielezwa mwaka 2020 na watafiti wa icipe, kituo cha kimataifa cha wadudu chenye makao yake Nairobi, baada ya kuikuta katika Anopheles arabiensis wa Kenya. Ni kiumbe chenye seli moja, jamaa wa kuvu, kinachoishi katika utumbo na viungo vya uzazi vya mbu, nacho humzuia mbu kuambukiza Plasmodium falciparum bila kuonekana kumdhuru sana mwenyeji wake. Mama humrithisha mtoto, na mbu huambukizana pia wanapopandana.

Kwa mtazamo wa kijamii hii ndiyo mbinu iliyo rahisi kuielezea kijijini: kiumbe kimetoka kwa mbu wetu wenyewe, hakuna kilichoongezwa wala kukatwa katika jeni, na hakuna ng'ambo kilikotolewa. Ugumu wake uko kwenye uzalishaji. Microsporidia haikuzwi chupani kama chachu, kwani huishi ndani ya seli za mbu, na kuufuga ukoo wa mbu wenye maambukizo kunadai uvumilivu na mikono yenye ujuzi. Zaidi ya hapo, katika mazingira ya kawaida ni mbu wachache tu wanaoibeba, na idadi yao hupanda na kushuka kwa majira ya mvua. Haina jaribio lolote la ukubwa wa lile la Yogyakarta linalopima wagonjwa badala ya mbu, na mpangaji mipango asidanganyike na uzuri wa hadithi yake.

Ndugu yake wa karibu katika mjadala, ingawa si kwa ukoo, ni bakteria Delftia tsuruhatensis TC1. Habari yake inafurahisha: katika maabara ya kampuni ya dawa huko Hispania, kundi la mbu wa kufanyia utafiti lilianza kukataa kuambukizwa malaria, na badala ya kulitupa kama kundi lililoharibika, watafiti waliuliza kwa nini. Wakamkuta bakteria huyo tumboni, akitoa kemikali iitwayo hamani inayozuia kimelea kukua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2023, yakiwa yamepimwa pia katika vizimba vikubwa nchini Burkina Faso. Delftia hukuzwa kirahisi, jambo ambalo Microsporidia haina, lakini hairithishwi kwa watoto, kwa hiyo italazimu kupelekwa tena na tena kwenye mazalia. Mmoja ni mgumu kuzalisha na hujisambaza mwenyewe, mwingine ni mwepesi kuzalisha na husubiri kubebwa. Halmashauri inayopulizia dawa ya viluwiluwi kila wiki inaweza kumfikiria Delftia kama nyongeza ya kazi iliyopo, ilhali ile isiyo na timu ya mazalia imtoe kwenye orodha.

Mbu waliobadilishwa vinasaba

Kundi la tatu lina sura mbili ambazo magazeti huzichanganya. Sura ya kwanza ni kupunguza mbu. Kwa kutumia mkasi wa jeni wa CRISPR, jeni huwekwa ikiwa na uwezo wa kujinakili, hivyo badala ya kurithiwa na nusu ya watoto hurithiwa na karibu wote. Mwaka 2018 Chuo cha Imperial cha London kilionyesha kwamba jeni ya aina hiyo, ikilenga doublesex, jeni inayoongoza ukuaji wa jinsia ya mbu, huwafanya majike wa Anopheles gambiae wenye nakala mbili wasiweze kuuma wala kutaga, na mbu katika vizimba waliisha ndani ya vizazi 7 hadi 11. Hakuna mbinu nyingine katika ulinganisho huu inayokaribia nguvu hiyo. Hakuna nyingine pia ambayo, ikishatoka nje, ni vigumu kiasi hicho kuiita irudi.

Sura ya pili ni kubadili mbu bila kumwondoa, na hapa kinga inarudi katikati ya hadithi. Kundi hilohilo la London pamoja na wenzake lilimpa Anopheles uwezo wa kutengeneza tumboni vipande viwili vya protini: magainini, inayotoka kwenye ngozi ya chura, na melitini, inayotoka kwenye sumu ya nyuki. Vipande hivyo hutolewa mbu anapokunywa damu na huchelewesha ukuaji wa kimelea, na kama nilivyoeleza juu, ucheleweshaji ni karibu sawa na kuua. Silaha hizo hazimo katika orodha ya walinzi ambao Pfs47 imejifunza kuwakwepa, na nadhani hiyo ndiyo sababu yenye uzito zaidi ya kuitazama njia hii kwa makini. Taasisi ya Afya Ifakara, katika maabara yake ya Bagamoyo yenye ulinzi maalumu, imeshiriki kuunda mbu wa aina hii papo hapo Tanzania na kuwajaribu kwa vimelea vilivyotoka kwa watoto wagonjwa wa nchini, si kwa vimelea vya chupa vilivyofugwa miongo kadhaa Ulaya. Kazi hiyo yote imefanyika ndani ya kuta.

Nje ya kuta mambo hugeuka kuwa ya siasa. Mnamo Julai 2019 mradi wa Target Malaria uliachilia madume tasa waliobadilishwa vinasaba katika kijiji cha Bana, Burkina Faso. Mbu hao hawakuwa na jeni inayojisambaza, na lengo lilikuwa kujifunza namna wanavyoishi na kuruka. Miaka ya maandalizi na wanakijiji ilikuwa imetangulia. Hata hivyo Agosti 2025 serikali ya nchi hiyo ilisimamisha shughuli za mradi. Anayechagua njia hii ajue kwamba ridhaa ya kijiji haimalizi kazi, kwani ridhaa ya taifa inaweza kuondolewa, na mbu mwenye jeni inayojisambaza hatambui mpaka wa Namanga wala wa Mutukula. Itifaki ya Cartagena kuhusu usalama wa viumbe waliobadilishwa vinasaba, inayotumika tangu 2003, inaweka taratibu kati ya mataifa, lakini haisemi jirani aliyekataa afanye nini mbu wakishavuka.

Zikikaa mezani pamoja

Kwa kurudishika, madume wa Singapore wanaongoza, kwani ukiacha kuwaachilia, historia yao imekwisha. Delftia inafuata. Wolbachia ya kubadilisha mbu wa mtaa ni ya kudumu kwa kiasi, ila inabaki karibu na ilipowekwa. Microsporidia MB ikishaenea haina kitufe cha kuizima, ingawa tayari imo katika mazingira yetu, hivyo kuenea kwake si ugeni. Jeni inayojisambaza iko mwisho wa mstari huo.

Kwa ushahidi wa wagonjwa mpangilio unageuka: Wolbachia iko peke yake mbele, na zote nyingine zinaongea kwa lugha ya mbu na vizimba. Kwa sheria, Wolbachia haibadilishi jeni za mbu, na Australia iliishughulikia chini ya mamlaka ya viuatilifu na dawa za mifugo, jambo linalochekesha kidogo ila lilirahisisha kazi. Nchi yetu yoyote itakayoitaka itapaswa kuamua mapema ni ofisi ipi itakayoisimamia, kabla mayai hayajapanda ndege.

Kisha kuna mizani niliyoahidi. Wilayani Misungwi, Mwanza, vyandarua vya aina nne vililinganishwa kwa watoto. Baada ya miezi 24, maambukizo ya malaria yalikuwa asilimia 45.8 kwa waliopewa chandarua chenye pairethroidi pekee, dawa ya kuua wadudu iliyozoeleka, na asilimia 25.6 kwa waliopewa chenye dawa mbili, pairethroidi na klorofenapiri. Ni matokeo ya mwaka 2022, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chandarua hicho mahali ambako mbu wana usugu dhidi ya pairethroidi. Hayo ni maendeleo makubwa, na bado robo ya watoto walikuwa na vimelea. Pengo hilo la robo ndilo linalohalalisha utafiti wote wa kinga ya mbu. Ripoti ya Shirika hilo ilikadiria vifo 597,000 vya malaria duniani mwaka 2023, asilimia 95 vikiwa katika kanda yake ya Afrika.

Uchaguzi kwa mahali

Kwa jiji la pwani linalosumbuliwa na dengi mara kwa mara, ningeshauri Wolbachia ya kubadilisha mbu wa mtaa, aina ya wAlbB ikipewa kipaumbele kwa sababu ya joto, na kazi ianze katika kata chache zenye wagonjwa wengi huku kata nyingine zikiachwa kwa kulinganisha. Sharti langu ni moja: kwanza ithibitishwe kwa mwaka mzima kwamba Aedes wanaouma ndani ya nyumba ni aegypti. Aedes albopictus ana Wolbachia wake wa asili, na hesabu ya uzazi kwake ni nyingine kabisa.

Kwa vijiji vya malaria kandokando ya Ziwa Viktoria au bonde la Kilombero, sioni mbinu ya kinga inayostahili kuchukua shilingi moja ya chandarua cha dawa mbili mwaka huu. Ningeweka fedha za utafiti, na si za huduma, kwenye Microsporidia MB, hasa swali la kuizalisha kwa wingi. Mwanafunzi wa shahada ya uzamivu mwenye mikono ya kufuga mbu atakuta hapo kazi ambayo maabara tajiri za nje haziwezi kumnyang'anya kirahisi, kwa kuwa mbu wenyewe wako huku.

Visiwa ni habari nyingine. Unguja ilimaliza mbung'o wake kati ya 1994 na 1997 kwa madume tasa waliofugwa Tanga, kwa sababu bahari ilizuia mbung'o wapya kuingia na kwa sababu mbung'o huzaa polepole. Mbu huzaa kwa kasi isiyolinganishika, hivyo mfano wa Unguja usichukuliwe kama ahadi. Lakini sehemu ya bahari inabaki kuwa kweli, na kama mbu wa jeni inayojisambaza watakuja kutolewa maabara siku moja, kisiwa kidogo kilicho mbali na bara ndicho mahali ambapo ningevumilia kusikia hoja hiyo.

Amebaki mmoja anayevuruga mpangilio huu wote. Anopheles stephensi, mbu wa malaria kutoka Asia, huishi kama Aedes: mjini, katika matangi na mapipa. Alipoonekana Djibouti mwaka 2012 nchi hiyo ilikuwa na wagonjwa 27 wa malaria, na mwaka 2020 ilikuwa na zaidi ya 70,000. Mwaka 2023 KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, ilitangaza kwamba amefika Marsabit, Kenya. Ndiye Anopheles ambaye Wolbachia ilikubali kukaa ndani yake vizazi kwa vizazi katika maabara, mwaka 2013, na ndiye ambaye kampuni ya Oxitec ilianza kumwachilia Djibouti mwezi Mei 2024 katika umbo la madume ambao binti zao hufa wakiwa wachanga. Chandarua humgusa kwa sehemu tu, kwa kuwa huuma pia nje na mapema jioni. Kwa miji yetu ya bandari na ya mipakani ningeanza na hesabu ya matangi yasiyo na mfuniko katika kila mtaa, dawa ya viluwiluwi kwa yale yasiyofunikika, na mtaalamu mmoja wa wadudu anayeweza kumtofautisha stephensi na gambiae chini ya darubini, kabla ya barua yoyote ya kuomba mbu wa maabara.